Shoga yako Mmoravian anaolewa, wewe Mkatoliki unaenda?

Juzi kaja dada mmoja wa Uyole pale dawati letu la ndoa, kitenge cha sare kiko kwenye mfuko hata kwa fundi hakijafika, kaombwa amsimamie shoga yake harusi ya Moravian kule Tukuyu, sasa mtu wa jumuiya kamtisha eti akisimama pale komunyo ndo basi tena. Nikamwambia dada, peleka kitenge kwa fundi.

Iko hivi. Bibi na bwana harusi wote Wamoravian, hawana ndoa nyingine, wanafunga kwao kwa utaratibu wao, basi Kanisa Katoliki linaihesabu hiyo ni ndoa halali kabisa, na mwongozo wa ekumene (yaani umoja wa Wakristo wa makanisa mbalimbali) wa Vatikani wa 1993 namba 136 unamruhusu Mkatoliki kuwa shahidi. Kwenda, kuimba, kuchangia kamati, hayo hata sio ya kuuliza, Wamoravian wako Rungwe tangu 1891, ukoo gani huku hauna mchanganyiko? Ila wakishiriki meza ya Bwana we kaa kwenye benchi lako. Harusi ya Kiislamu nayo nenda, kaa kwa heshima, kula pilau, ila ule mwongozo unaongelea Wakristo tu, kwahiyo ukiombwa ushahidi muone kwanza paroko.

Shida inaanzia pale anayefunga ni Mkatoliki mwenzetu. Mdogo wako kapata mchumba wa KKKT, Mlutheri, wanataka kufunga kwa mchungaji, mnachanga tu kwenye grupu la WhatsApp na hakuna anayeuliza kama askofu katoa ruhusa! Ikiwepo ruhusa, hata kwa mchungaji inafungwa na ni halali, nendeni wote kwa vigelegele. Isipokuwepo ndoa ni batili, maana kanuni 1108 ya sheria za Kanisa inamdai Mkatoliki afunge mbele ya padri au shemasi mwenye mamlaka na mashahidi wawili. (Na ule mtindo wa asubuhi kwa padri mchana kwa mchungaji nao umekatazwa.)

Basi kama ruhusa hakuna, mimi nasema usisimamie. Kuhudhuria tu sijaona kanuni inayokutaja, ongea na paroko wako, ila usimsuse mdogo wako maana kesho ndo wewe utampeleka parokiani ndoa ikatengenezwe, yaani ihalalishwe. Na swali la ruhusa liulizwe kikao cha kwanza cha kamati, sio kadi zishagawiwa na ukumbi ushalipiwa.