Ukavu ukeni baada ya miaka 40: yanayosemwa kuhusu sindano, vijiti na vidonge, na ukweli wake

Mwanamke wa miaka 44 aliye kwenye uzazi wa mpango akianza kukauka na kuumia wakati wa tendo la ndoa, lawama ya kwanza huiangukia njia anayotumia. Wakati mwingine njia hiyo inastahili lawama. Wakati mwingine ni umri unaobisha hodi, na mama akiharakisha kuacha njia, ukavu hubaki pale pale na mimba huingia katika miaka ambayo presha ya ujauzito na kuharibika kwa mimba vimepanda. Kabla ya kuamua lolote, inafaa kutenganisha maneno ya mtaani na yanayojulikana.

"Njia zote za uzazi wa mpango zinakausha"

Kitanzi cha shaba hakina homoni hata chembe. Hakigusi ovari, hakishushi estrojeni (homoni ya kike inayoulowesha uke), na nyuzi zake zinazoning'inia kwenye mlango wa kizazi hazinyonyi ute. Anayekauka akiwa na kitanzi hicho atafute sababu kwingine. Kitanzi chenye homoni kinafanya kazi zaidi ndani ya mfuko wa uzazi, na kwa wanawake wengi ovari huendelea na shughuli zake. Vijiti vya mkononi, kile kimoja cha miaka mitatu au viwili vya miaka mitano, kwa kawaida huuachia mwili estrojeni ya kutosha, ingawa wapo wanaolalamika.

Sindano ya miezi mitatu ndiyo yenye kesi ya kujibu. Ya kwenye msuli ina miligramu 150 za homoni ya medroksiprojesteroni, ya chini ya ngozi ina 104, na zote mbili huzilaza ovari hata estrojeni ikabaki chini, karibu na kiwango cha siku za mwanzo wa mzunguko, miezi nenda miezi rudi. Wengi hawahisi chochote ukeni. Baadhi hukauka kweli. Vidonge vyenye homoni mbili navyo hulaza ovari. Vina estrojeni yake ya kutengenezwa, lakini pia huongeza protini ya kwenye damu inayoikamata testosteroni, na kwa baadhi ya wanawake ute na hamu hupungua pamoja.

Njia rahisi ya kupeleleza ni kalamu na karatasi. Andika tarehe uliyoanza njia, mwezi ukavu ulipoanza, hedhi ya mwisho ya kawaida, kama unapata joto la ghafla au kutoka jasho usiku, na kila dawa unayomeza. Ukavu ulioanza miezi michache baada ya sindano ya kwanza unaielekea sindano. Ukavu uliozuka baada ya miaka sita ya kutumia kijiti kwa amani, ukiwa na miaka 47 na shuka linalolowa jasho, unaelekea ukomohedhi. Na usizisahau dawa nyingine: dawa za mafua na mzio zinazokausha pua, baadhi ya dawa za sonona, na matibabu ya saratani ya matiti yanayozuia estrojeni. Kunyonyesha nako hukausha, na wapo wanaonyonyesha wakiwa na miaka 42.

Kipimo cha damu cha FSH, homoni ya kuziamsha ovari ambayo hupanda zinapochoka, hakisaidii sana hapa. Katika miaka ya kuelekea ukomohedhi kinapanda na kushuka wiki hadi wiki, na kwa anayetumia vidonge vyenye homoni mbili majibu yake hayaaminiki kabisa. Kwa mwenye zaidi ya miaka 45, maelezo yake mwenyewe yana uzito kuliko karatasi ya maabara.

"Nikiacha sindano, mwezi ujao nitakuwa sawa"

Sindano ikishaingia haitolewi. Imepangiwa kurudiwa kila wiki 13, lakini dawa huendelea kujitoa taratibu baada ya hapo. Wanaotafuta mtoto baada ya kuiacha hushika mimba kwa wastani wa miezi 10 tangu sindano ya mwisho, na wengine huchelewa zaidi. Ute nao unaweza kuchelewa hivyo hivyo. Kwa hiyo anayebadili njia kwa sababu ya ukavu ajipe miezi, na atumie kilainishi katika kipindi hicho. Hakuna haja ya "kupumzisha mwili" kati ya njia moja na nyingine: kitanzi cha shaba kinaweza kuwekwa siku ile ile ambayo sindano ingerudiwa.

Baada ya miaka 45 kuna sababu nyingine ya kuifikiria sindano upya. Estrojeni ikikaa chini kwa muda mrefu mifupa hupungua uzito, na ukomohedhi unaipunguza tena. Miongozo ya Uingereza humshauri mwanamke abadili njia afikapo miaka 50.

"Basi nipewe vidonge vyenye estrojeni, ute utarudi"

Wazo hili lina mvuto, lakini vidonge hivyo vimetengenezwa kuzuia yai kupevuka, havikutengenezwa kutibu uke, na wapo wanaokauka wakiwa juu yake. Kikubwa zaidi ni mishipa ya damu. Miaka 40 peke yake haimzuii mtu, ila presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi kwa kawaida vidonge hivi havitolewi, na ikifika 160 kwa 100 havitolewi kabisa. Anayevuta sigara na amepita miaka 35, au mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, naye asivitumie. Anayeuziwa vidonge hivi dirishani bila kupimwa presha, katika umri huu, hajahudumiwa.

"Hedhi imekata, sihitaji kinga tena"

Hapa ndipo mimba za "kifunga mimba" zinapotoka. Sindano, vijiti na kitanzi chenye homoni vinaweza kukata hedhi kwa mwenye miaka 25 na kwa mwenye miaka 50 sawasawa. (Na damu haijikusanyi tumboni: ukuta wa mfuko wa uzazi umebaki mwembamba, hakuna cha kutoka.) Upande wa pili, damu inayotoka kila mwezi kwenye wiki ya mapumziko ya vidonge inasababishwa na vidonge; inaweza kuendelea hata kama ovari zimestaafu.

Hesabu inayotumika ni hii. Kama hutumii homoni yoyote na umepita miaka 50, endelea na kinga mwaka mzima baada ya hedhi ya mwisho. Kama hujafika 50, endelea miaka miwili. Anayetumia njia yenye homoni moja tu, projestini, kama kijiti, amepita 50 na haoni hedhi, anaweza kupimwa FSH. Ikizidi yuniti 30 kwa lita, anaendelea na njia yake mwaka mmoja zaidi kisha anaacha. Asiyetaka kupima anaweza kuendelea hadi miaka 55, umri ambao mimba ya kawaida ni nadra mno. Kitanzi cha shaba kilichowekwa baada ya miaka 40 kinaweza kuachwa hadi ukomohedhi, kisha kitolewe; kisisahauliwe humo.

Homoni za kutibu dalili za ukomohedhi, ziwe vidonge au plasta za kubandika ngozini, hazizuii mimba. Ya ukeni pia haizuii.

"Homoni ya kuweka ukeni ni hatari kama zile za kumeza"

Hofu hii ndiyo inayowanyima wanawake tiba iliyo bora kuliko zote. Ukuta wa uke hutegemea estrojeni ili uwe mnene, wenye mikunjo na wenye damu ya kutosha. Estrojeni ikishuka, ukuta huwa mwembamba kama karatasi, bakteria walinzi hupungua, asidi inapotea, na mkojo huanza kuchoma mara kwa mara. Joto la ghafla hupungua lenyewe kadiri miaka inavyokwenda. Ukavu wa aina hii hauondoki wenyewe, huzidi.

Kidonge kidogo cha ukeni chenye estradioli kina mikrogramu 10. Huwekwa kila usiku kwa wiki 2, kisha mara mbili kwa wiki. Piga hesabu: mwaka wa kwanza ni vidonge 114, yaani miligramu 1.14 kwa mwaka mzima. Hicho ni takriban kiasi ambacho mwanamke anayemeza kidonge cha miligramu 1 cha tiba ya ukomohedhi anakimeza kwa siku moja. Ndiyo maana dozi hii ndogo haihitaji kuongezewa projesteroni ya kulinda mfuko wa uzazi, na inaweza kutumika sambamba na kijiti, kitanzi au sindano. Ipo pia krimu ya estrioli, kwa kawaida miligramu 0.5 kwa mara moja, kwa ratiba inayokaribiana na hiyo.

Ziweke usiku unapolala. Lala chali, magoti yakunjwe, elekeza bomba kama vile unalenga mgongo wa chini, siyo juu kuelekea tumboni. Kama maumivu yapo mlangoni, paka krimu kidogo, kiasi cha punje ya njegere, kwa kidole pale pale. Ya ndani peke yake haitafika. Usiitumie kama kilainishi muda mfupi kabla ya tendo, kwa kuwa mwenzio ataifyonza, na krimu nyingine zina mafuta yanayodhoofisha kondomu.

Wengi hukosea kwa kuacha baada ya siku kumi wakisema haifanyi kazi. Nafuu huanza ndani ya wiki chache na hukamilika kufikia wiki 8 hadi 12. Ukiacha, ukavu hurudi. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti asijianzishie. Azungumze kwanza na daktari wake wa saratani, hasa kama anatumia dawa za kundi la letrozoli, zile zinazouzuia mwili kutengeneza estrojeni. Dawa hizi haziko katika kila duka la dawa, kwa hiyo anza na famasia kubwa za mjini ukiwa na cheti cha daktari.

"Mafuta yoyote yanafaa"

Mafuta ya nazi, vaselini, mafuta ya watoto na losheni hudhoofisha kondomu ya mpira ndani ya dakika chache. Inapasuka bila wewe kujua kwa nini. Vaselini pia hung'ang'ania ndani na kuwapa bakteria wabaya makazi. Kama hamtumii kondomu, mafuta safi ya nazi si dhambi. Kondomu ya kike ya nitrili nayo huvumilia mafuta.

Kwa wengine, chagua kilainishi cha maji au cha silikoni. Soma boksi: cha maji kiwe na asidi ya karibu pH 4.5, na ukolezi wa vitu vilivyoyeyuka ndani yake, unaoitwa osmolaliti, usizidi 1200; Shirika la Afya Duniani linapendelea iwe chini ya 380. Gliserini au propilini glaikoli ikiwa nyingi, kilainishi hufyonza maji kutoka kwenye ukuta wa uke na kukuacha mkavu zaidi baada ya saa moja. Epuka vyenye ladha, vinavyopasha joto au vyenye manukato. Tumia kama kijiko kimoja cha chai, upake mlangoni na juu ya kondomu au uume, na uongeze kikikauka.

Kilainishi kinahudumia tendo tu. Anayekauka hata akitembea au kukaa anahitaji jeli ya unyevu ya ukeni, ya kutumia mara mbili au tatu kwa wiki, awe na mume au asiwe naye.

"Maji ya bamia, uwatu na shabu vinatosha"

Ute wa bamia ukinywewa unameng'enywa tumboni kama mboga nyingine; hauna njia ya kufika ukeni. Kunywa kama unapenda. Uwatu ni kiungo kizuri, ila anayetumia dawa za kisukari ajue kwamba ukiwa mwingi unaweza kushusha sukari. Kuviweka ndani ni habari nyingine, na hatuishauri.

Shabu, ile ya kipande cheupe inayosifiwa kwa kubana, ni mbaya zaidi kwa mtu wa umri huu. Inakunja na kukausha ngozi ambayo tayari ni nyembamba, kisha tendo huichana vidonda vidogo ambavyo virusi vya UKIMWI hupitia. Limau, siki, dawa ya kuua vijidudu na sabuni ya ndani huua bakteria walinzi waliobaki. Nje tumia maji ya kawaida; ndani usioshe.

"Mke mkavu hana hamu, au ana mwingine"

Ute na hamu ni vitu viwili. Mwanamke anaweza kumtaka mumewe kwa moyo wote na uke usijibu, kwa kuwa homoni ya kuujibisha haipo. Mume akielezwa hivyo na mhudumu wa afya, mbele ya mkewe na kwa ridhaa yake, mara nyingi huelewa upesi kuliko akielezwa chumbani.

"Kuwasha na kuungua ni fangasi"

Baada ya ukomohedhi fangasi hupungua, isipokuwa kwa mwenye kisukari au anayetumia estrojeni. Anayenunua dawa ya fangasi mara ya tatu bila nafuu huenda anatibu ukavu kwa dawa inayouchoma zaidi. Mabaka meupe yanayowasha kwenye mashavu ya uke huenda ni ugonjwa wa ngozi unaohitaji krimu ya steroidi na ufuatiliaji. Uchafu wenye harufu au rangi ya kijani unahitaji kupimwa.

Na damu baada ya tendo isisingiziwe ukavu wala sindano kabla mlango wa kizazi haujaangaliwa kwa macho na kupimwa saratani. Damu inayotoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone moja kwenye nguo ya ndani, ni ya kwenda nayo hospitali wiki hiyo hiyo.