Dari la kioo: maana yake, na kwa nini Rais mwanamke hajalivunja

Ukilianzisha suala hili kwenye kijiwe cha kahawa pale Ngamiani, Tanga mjini, kikombe cha pili hakijamiminwa utakuwa umeshatajiwa majina. Rais ni Samia Suluhu Hassan tangu Machi 2021. Anna Makinda alikalia kiti cha Spika kuanzia 2010, Tulia Ackson akakikalia 2022. Mkoa huuhuu wa Tanga umewahi kuongozwa na Chiku Gallawa, kisha Mwantumu Mahiza, na mwaka 2024 akateuliwa Batilda Burian. Ubunge wa Tanga Mjini mwaka 2020 aliuchukua Ummy Mwalimu, akawa na uwaziri juu yake. "Sasa wewe," mzee mmoja atakuuliza, "dari gani hilo unalolisema?"

Swali ni la haki. Wanaoitumia dhana hii ovyo ndio wanaoshindwa kulijibu.

Dari la kioo ni kizuizi cha kupanda cheo ambacho hakikuandikwa kwenye kanuni yoyote. Mtu anaziona ofisi za juu na waliomo. Ana cheti kama chao na miaka ya kazi kama yao, lakini hapandi, na akiuliza sababu hakuna karatasi ya kumwonyesha. Palipo na katazo la wazi hapana dari la kioo. Msichana aliyefukuzwa shule kwa sababu ya ujauzito, kabla Serikali haijaruhusu warudi masomoni mwishoni mwa 2021, alizuiwa na ukuta ambao kila mtu aliuona. Dari la kioo hubaki pale ukuta unapobomolewa na watu wakadhani kazi imekwisha.

Aliyeipa dhana hii jina anatajwa kuwa Marilyn Loden, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya simu. Mwaka 1978, kwenye mkutano mjini New York, aliwasikiliza wasemaji wakieleza jinsi wanawake wanavyojirudisha nyuma wenyewe kwa kutojiamini, naye akasimama kusema kwamba wapo wanaojiamini na bado hawapandi. Gazeti la Wall Street Journal lililieneza neno hilo mwaka 1986. Mwaka 1991 Marekani ikaunda tume nzima ya kulichunguza, na ripoti yake ya 1995 ilikuta kwamba kwenye makampuni makubwa kabisa ya nchi ile kati ya asilimia 95 na 97 ya mameneja wa juu walikuwa wanaume.

Lakini uchache peke yake si ushahidi. Mwaka 2001 wanasosholojia wanne wa Marekani, Cotter, Hermsen, Ovadia na Vanneman, waliweka masharti ya kulitumia neno hili. Pengo liwe limebaki hata baada ya kulinganisha elimu na uzoefu. Liwe kubwa zaidi kadiri ngazi inavyopanda. Lipimwe kwa nafasi ya mtu kupanda, si kwa idadi ya waliopo juu leo tu. Na lizidi kadiri miaka ya kazi inavyokwenda. Sharti la tatu ndilo linalomjibu mzee wa kijiweni, kwa hiyo nitakaa hapo.

Majina yote aliyoyataja ni ya watu walioteuliwa au kuchaguliwa. Mkuu wa mkoa hapandi daraja kutoka uhasibu wa halmashauri; anateuliwa, na Rais akitaka wanawake kumi atawapata asubuhi moja. Hilo ni jambo jema, wala silibezi. Ila haliwahusu waliomo kwenye ngazi ya kawaida: mhasibu, muuguzi, mwalimu, fundi wa maji, karani wa bandari, ambao hupanda kwa kupendekezwa na bosi, kusailiwa na kupandishwa. Walimu wa shule za msingi nchini ni karibu nusu kwa nusu, wanawake na wanaume. Walimu wakuu wengi ni wanaume. Hapo hakuna uteuzi wa Ikulu. Kuna ngazi, na mahali fulani kwenye ngazi hiyo wanawake wanabaki.

Wapi? Watu hutazama juu kwa kuwa dari huwa juu. Mimi naona mkwamo uko chini kabisa, kwenye cheo cha kwanza cha kusimamia wenzako. Ripoti ya mwaka 2024 ya kampuni ya ushauri ya McKinsey, iliyokusanya takwimu za makampuni ya Marekani na Kanada, inasema kwa kila wanaume 100 waliopandishwa kutoka kazi ya kawaida kwenda umeneja, wanawake waliopandishwa walikuwa 81. Mwaka 2018 walikuwa 79. Upungufu huo wa mwanzo hauzibiki tena: kama msimamizi wa zamu hakuwa mwanamke, mkuu wa idara atatoka wapi, na mkurugenzi atatoka wapi?

Kwetu cheo hicho cha kwanza kina mlango wake, nao ni kukaimu. Mkuu wa kitengo anakwenda likizo au safari ya Dodoma, anatakiwa mtu wa kushika ofisi. Hakuna tangazo ubaoni, hakuna usaili. Bosi anatazama nani yupo karibu, nani ataitika simu saa tatu usiku, nani walikuwa wote uwanjani Mkwakwani Jumapili kwenye mechi ya Coastal Union. Anapiga simu: "Hebu shika hapa wiki mbili hizi." Wiki mbili zinakuwa miezi. Nafasi ikitangazwa rasmi, swali la kwanza la wasailiji ni kama umewahi kuongoza kitengo. Aliyekaimu anayo ya kusema. Dada aliyekuwa meza ya pili, mwenye shahada ileile, hana. Usaili wenyewe umefanyika kwa haki tupu, na wasailiji watakuapia hivyo bila kusema uongo, maana uamuzi ulishafanywa siku ile ya simu.

Dada huyo muda huo alikuwa na kazi nyingine. Alikuwa akiandika muhtasari wa vikao, akishika daftari la michango ya rambirambi, akihakikisha chai na maandazi vimefika kabla wageni kutoka wizarani hawajakaa. Kila ofisi ina kazi hizi, zinachukua saa nyingi na hazimpandishi mtu. Watafiti wa uchumi wakiongozwa na Linda Babcock walichapisha mwaka 2017 majaribio juu ya hili. Kwenye makundi ya mchanganyiko wanawake walijitolea kwa kazi isiyo na faida kwao karibu mara moja na nusu ya wanaume, na walioombwa kuifanya pia walikuwa zaidi wanawake. Kwenye makundi ya wanaume watupu, wanaume walijitolea sawasawa na wanawake wa makundi ya wanawake watupu. Kwa hiyo si umbile la mwanamke kupenda kuandika muhtasari. Kila aliyekaa mezani anajua ataandika nani, basi wengine wananyamaza.

Hapa ndipo hoja ya "hawataki wenyewe" inapoingia, na kati ya hoja za kijiweni ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu ina kweli ndani yake. Wapo wanawake wanaopewa cheo na kukikataa. Lakini angalia kinachokuja na cheo. Mwanamume wa Tanga mjini akipangiwa ukuu wa idara Kilindi, anafunga begi, familia inabaki Chumbageni, anarudi mwisho wa mwezi na watoto wanamkimbilia. Mwanamke akifanya hivyo ataulizwa na mawifi, na majirani, na mama yake mzazi, na pengine na mtoto. Akikataa, faili litaandikwa kwamba alipewa akakataa, na mwakani hawatamwuliza tena. Wala hawatawauliza wenzake wawili waliokuwa tayari kwenda.

Kuna na uhamisho wa kumfuata mwenza, ambao sijauona ukitajwa kwenye mijadala hii. Mwalimu wa taaluma yuko Pangani, mumewe anahamishiwa Morogoro, mke anaomba kuhama. Anayehama kwa maombi yake hujigharimia, na cheo chake cha taaluma hakifungwi kwenye sanduku, kinabaki Pangani. Kule aendako anaanza kama mgeni, nyuma ya waliomtangulia. Miaka mitano baadaye mume anahama tena. Mtu wa namna hii anaweza kufundisha miaka 25, afundishe vizuri, na astaafu akiwa mwalimu wa darasa. Ukimtazama siku ya mwisho utasema hakuwa na hamu ya uongozi.

Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, amelichimba jambo hili kwa takwimu za zaidi ya karne moja za Marekani. Yeye na wenzake waliwafuatilia wahitimu wa shahada ya juu ya biashara wa Chuo Kikuu cha Chicago. Wanaume na wanawake walianza na mishahara inayokaribiana, kisha pengo likapanuka mwaka hadi mwaka, na sehemu kubwa ya sababu ilikuwa kusimama kazi na kupunguza saa baada ya kuzaa. Maelezo yake ni kwamba kazi za juu humlipa zaidi ya stahili yule anayepatikana saa yoyote. Anayesimamia meli bandarini anajua: meli haiulizi kama mtoto ana homa. Sasa nani anapatikana saa yoyote? Yule ambaye nyumbani yupo mtu mwingine. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba kwa siku mwanamke hutumia saa 4 na dakika 25 kwenye kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa, mwanamume saa 1 na dakika 23.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa jinsia, ujauzito na hali ya ndoa. Inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa siku 3. Siku 84 ni haki na hazitoshi hata hivyo. Ila mwajiri akiziweka 84 na 3 kwenye mizani anapata hesabu yake ya kimyakimya kuhusu nani "atasumbua," na msichana wa miaka 27 asiye na mtoto wala mchumba anaingizwa kwenye hesabu hiyo bila kujua.

Hoja nyingine nitazipitia haraka. Wanawake hawapendani? Wanaume wanagombea viti, wanachongeana, wanatiliana fitina hadi kwa waganga, na hakuna aliyewahi kusema wanaume hawapendani. Hawakusoma? Ilikuwa kweli, na kwa nafasi za uhandisi bado ina uzito, lakini haielezi uhasibu wala ualimu. Dini na mila za pwani? Mwambao huu una wanawake wanaoongoza vikoba vya mamilioni, madrasa, shughuli za harusi zenye bajeti ya kutisha. Bibi Titi Mohamed alipowaingiza wanawake TANU katika miaka ya 1950 alipitia vikundi vya ngoma vya lelemama, kwa kuwa uongozi ulikuwa umo tayari humo. Mila ilichofanya hasa ni kugawa mahali. Mazungumzo ya kazi hufanyika barazani, kwenye bao na kahawa baada ya Isha, na huko mwanamke hakai.

Ajira ya mshahara nayo ilizaliwa na sura hiyo. Mkonge uliletwa mwaka 1893, mwaka uleule reli ilipoanza kujengwa kutoka Tanga, na mashamba, reli na bandari vilitafuta wanaume, manamba waliotoka mbali wakaacha wake zao nyumbani. Mfano wa mfanyakazi asiye na mtoto wa kubeba uliwekwa tangu hapo.

Lipo jambo ambalo kijiweni halisemwi kwa sauti. Mwanamke akipanda, atazushiwa kwamba amepanda kwa mwili. Na wapo wakubwa wanaoidai rushwa hiyo kweli. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 imeitaja kuwa kosa, kifungu cha 25. Madhara ni mawili kwa mpigo. Anayedaiwa anaacha kuomba cheo. Na asiyedaiwa anajiweka mbali na bosi, hapandi gari la safari moja naye, habaki ofisini jioni, ili asisemwe. Nako kwa bosi ndiko nafasi za kukaimu zinakogawiwa.

Je, kuweka idadi maalumu kunasaidia? Norway ilipitisha sheria mwaka 2003 kwamba bodi za makampuni makubwa ya hisa ziwe na angalau asilimia 40 ya kila jinsia, na kufikia 2008 zilitii. Bodi zilijaa wanawake wenye sifa nzuri. Lakini watafiti waliofuatilia hawakuona mabadiliko ya maana kwa wanawake wa ngazi za chini kwenye makampuni hayohayo. Viti maalum vyetu bungeni vina hadithi ya kufanana: vimewaingiza wanawake wengi, na majimbo yameendelea kugombewa na kuchukuliwa zaidi na wanaume. Sitaki viondolewe. Nasema tu kwamba havikutengenezwa kwa ajili ya muuguzi wa zamu.

Anayetaka kujua kama ofisi yake ina dari la kioo asianze na picha za wakurugenzi ukutani. Aende masjala, aombe barua za kukaimu za miaka mitano iliyopita, ahesabu majina, kisha alinganishe na idadi ya wanawake na wanaume wa daraja lile lililostahili kukaimu. Ni kazi ya asubuhi moja. Na kama ofisi haina barua hizo kwa sababu kukaimu huko hufanywa kwa simu, basi afisa utumishi aanze kuziandika, na nafasi ya wiki mbili ibandikwe ubaoni kama inavyobandikwa ya miaka mitatu.