Jibu la damu halina budi kumfikia mama

Walukuba, Jinja, nchini Uganda, ni mtaa wa familia za wafanyakazi wa viwandani waliotoka pande zote, na Kiswahili huko ni lugha ya nyumbani. Siku moja kwenye kliniki ya chanjo mama mmoja alinishika mkono. "Daktari, mlimtoboa mwanangu kisigino akiwa na wiki sita. Leo ana miezi tisa, vidole vimevimba. Jibu liko wapi?"

Jibu lilikuwapo. Lilikuwa limelala kwenye faili la kituo kimoja, kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kumtafuta mama. Mtoto alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Kazi yangu ni utafiti wa upimaji wa watoto wachanga, na swali la mama yule ninalo hadi leo.

Kupima kwenyewe si kugumu. Tone la damu hukaushwa kwenye karatasi maalumu, halihitaji friji, hupelekwa maabara Kampala. Karatasi za namna hiyo zilikuwa tayari zikikusanywa kupima VVU kwa watoto wachanga. Mwaka 2014 na 2015 zikatumika kuchunguza selimundu kwa watoto karibu 100,000 nchi nzima: asilimia 13.3 walikuwa na kinasaba kimoja tu cha selimundu bila kuugua, asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Idadi haikulingana kila mahali. Busoga, eneo lenye Jinja, na kaskazini ya kati walizidi. Ndiyo maana nabishana na wanaotaka vifaa vya kupimia vigawanywe sawasawa kwa kila wilaya. Palipo na wagonjwa wengi ndipo paanzwe, tena papewe zaidi.

Kinachoniuma ni muda unaopotea. Mtoto huzaliwa na himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, aliyokuwa nayo tumboni, nayo humkinga, hivyo miezi ya mwanzo huonekana mzima kabisa. Hicho ndicho kipindi cha kumwanzishia penisilini ya kumkinga na maambukizi, kumkinga na malaria, kuhakikisha chanjo ya nimonia, na kumfundisha mama kupapasa wengu tumboni mwa mtoto, kuona kama umevimba. Bila jibu, hayo yote hayafanyiki.

Halafu kuna lawama. Akina mama wengi huambiwa wao ndio walioleta ugonjwa, ilhali mtoto huurithi kwa baba na mama wote wawili. Kwa hiyo namwita baba pia.

Siku hizi kwenye fomu tunaandika namba ya jirani na jina la mhudumu wa afya wa kijiji, maana simu aliyotupa mama mara nyingi ni ya mumewe, na mume yuko safarini.