"Sehemu ya": kidokezo kinachoficha ngeli

Katika chemshabongo ninazotunga, hakuna kidokezo kinachowakwamisha wajazaji kama kile kifupi: "Sehemu ya saa (6)", yaani jibu lina herufi sita. Mmoja anaandika MSHALE, mwingine AKRABU, na wote wawili wako sahihi. Ubaya ni kwamba maneno hayo yote mawili yana A kwenye kisanduku cha nne, kwa hiyo neno la wima likipita hapo halimsaidii mtu. Nikiliona hilo wakati wa kupanga, nabomoa kona nzima na kuanza upya, ili neno la wima lipite kisanduku cha kwanza, penye M au A. Nisipofanya hivyo, mjazaji akikosea kosa ni langu.

Tatizo linaanzia kwenye neno "sehemu" lenyewe. Lile "ya" limefuata sehemu, halikufuata jibu, basi ngeli ya jibu inabaki gizani. Sasa ondoa "sehemu" uone. "Cha mlango (6)": mara moja unawaza KI- mwanzoni, na KITASA inajileta. "La mlango (5)" ni KOMEO. "Wa mlango (5)" ni MWIMO, ule mti uliosimama ubavuni mwa fremu. BAWABA ndiyo inayobaki ngumu, maana "ya mlango" haidokezi herufi ya kwanza. Na herufi ya kwanza ni mali kubwa kwetu, kwa kuwa ya mwisho ni irabu, haipunguzi sana machaguo.

Fumbo la kwanza la Arthur Wynne, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa chemshabongo za aina hii, lililotoka kwenye gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, lilikuwa la Kiingereza, lugha isiyo na ngeli kama zetu. Hila hii hatukuirithi kwake. Imo ndani ya Kiswahili, na nasikitika nikiona watunzi wakiiacha.

Kwenye yai, kwa mfano, KIINI na GANDA yote yana herufi tano. Ukiandika "cha yai" au "la yai", umemaliza ubishi. Ninalolipenda zaidi ni KAKA: "Ganda la yai, au ndugu wa kiume (4)".

Jahazi lina mtego wake: TANGA na NANGA zinatofautiana herufi moja tu. Mimi siihesabu nanga kuwa sehemu ya chombo. Hubebwa tu, kama shehena. Methali nayo inatupa sehemu tatu kwa mpigo: kuenda tezi (nyuma ya chombo) na omo (mbele yake), marejeo ni ngamani. Niliwahi kuandika "Marejeo ya tezi na omo (5)", na wengi walihangaika kuibana NGAMANI yenye herufi saba. Toa -ni ya mahali, inabaki NGAMA, kule chini ndani ya chombo maji yanakojikusanya.