Fedheha ya 1909 na vita vya 1914

Ninapofundisha chanzo cha Vita Kuu ya Kwanza, wanafunzi huanzia Sarajevo, 28 Juni 1914, kwenye risasi za Gavrilo Princip, kijana Mserbia wa Bosnia aliyemuua Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria. Mimi huwarudisha nyuma miaka sita. Madola ya Ulaya yalikuwa yamepita kwenye migogoro mizito bila kupigana, na naamini migogoro hiyo iliyokwisha salama ndiyo iliyofanya wa 1914 usikwishe salama.

Oktoba 1908 Austria-Hungaria iliitwaa rasmi Bosnia-Herzegovina, nchi iliyokuwa ikiikalia tangu 1878. Serbia iliwaka, kwa sababu Waserbia wengi waliishi huko na wazalendo wa Belgrade waliihesabu ardhi hiyo kuwa yao. Macho yao yakaelekea Urusi, iliyojinadi kuwa mlinzi wa Waslavi. Lakini Urusi ilikuwa imepigwa na Japani mwaka 1905, na jeshi lake halijajijenga upya. Machi 1909 Ujerumani, mshirika wa Austria-Hungaria, ikaitaka Urusi ijibu bila kuzungushazungusha: inakubali Bosnia itwaliwe au haikubali? Ikakubali. Vita vikaepukwa, ila ndani ya Urusi watu wakaita jambo hilo Tsushima ya kidiplomasia, wakikumbuka manowari zao zilizozamishwa na Wajapani.

Moroko ilizaa uchungu wa namna hiyohiyo. Julai 1911 Ujerumani, iliyoingia kwa kuchelewa katika kinyang'anyiro cha makoloni, ilipeleka manowari Panther huko Agadir kuibana Ufaransa. Uingereza ikasimama na Ufaransa, na Ujerumani ikaambulia kipande cha Kongo ya Kifaransa. Wazalendo wa Berlin wakaona wamedhalilishwa. Cha kusikitisha zaidi, Waziri Mkuu wa Ufaransa Joseph Caillaux, aliyefikia mapatano hayo, alilazimika kujiuzulu Januari 1912, akishutumiwa kwa kuzungumza na Wajerumani kwa siri. Kila mwanasiasa aliona malipo ya mtu anayepatana na adui.

Kwa hiyo Austria-Hungaria ilipoipa Serbia masharti makali tarehe 23 Julai 1914, na saa 48 za kujibu, Urusi haikuwa inaamua juu ya Serbia tu. Ilikuwa inaamua kama itainama tena. Usiku wa tarehe 29 Mfalme Nicholas II, baada ya kupokea simu ya maandishi kutoka kwa jamaa yake Kaizari Wilhelm II wa Ujerumani, alifuta amri ya kuita majeshi yote, akabakiza ile ya kuikabili Austria-Hungaria peke yake. Kesho yake waziri wake wa mambo ya nje, Sazonov, alimsihi kwa muda mrefu mpaka akairudisha. Tarehe 1 Agosti Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Urusi.

Siku tatu baadaye, bungeni Berlin, wabunge wa chama cha wafanyakazi cha SPD, ambacho mwezi uliotangulia kilikuwa kimeandamana kupinga vita, walipigia kura fedha za kuviendesha. Waliamini wanailinda nchi yao dhidi ya Urusi.