Mafuta "Bila Kolesteroli" Yanaweza Kukupandishia Kolesteroli

Wengi wanaokuja kwenye kliniki yetu ya lishe hapa Nakuru wakiwa na kolesteroli iliyopanda hutuambia: "Daktari, lakini mimi hununua yale yameandikwa hayana kolesteroli." Maandishi hayo ni ya kweli. Kolesteroli tunayoila hutoka kwa wanyama, si kwa alizeti, mahindi wala mawese. Lakini nyingi iliyo mwilini hatuili. Hutengenezwa humo humo, hasa na ini. La kuuliza basi ni mafuta hayo yanalifanyia nini ini lako.

Ini lina vipokezi vinavyonasa kolesteroli mbaya, LDL, na kuitoa kwenye damu. Ukila kwa wingi mafuta yaliyojaa, yaani yale mazito yanayoganda upesi, vipokezi hivyo hupungua. LDL hubaki ikizunguka na kujijenga kwenye kuta za mishipa ya moyo na ubongo. Ukiyabadilisha kwa alizeti, soya au mahindi, LDL hushuka.

Tofauti si ndogo. Katika gramu 100 za mafuta ya mawese, karibu 50 ni mafuta yaliyojaa. Nazi hupita 80, na samli hufika kama 60. Alizeti ni 11 hivi, mahindi 13, soya 15, njugu 17. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyojaa yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo ni gramu 22 hivi kwa mtu wa kalori 2,000. Kijiko kikubwa cha mawese kina gramu 7. Kimoja kwenye sukuma wiki, kimoja kwenye chapati, kimoja kwenye mayai, na karibu umemaliza kiwango chako kabla hujagusa maziwa wala nyama.

Shida kubwa iko kwa mafuta ya kupima, maana mtungi wa lita 20 dukani mara nyingi hauna lebo. Hapo baridi ya Nakuru inasaidia. Asubuhi ya Julai, tazama chupa uliyoiacha jikoni usiku kucha: mafuta ya mawese huwa yamefanya ukungu mweupe au yameganda chini, ilhali ya alizeti hubaki maangavu. Kisumu joto huyaficha, mafuta yale yale yakaonekana mepesi mwaka mzima. Huko yaweke kwenye friji kwanza. Hiki si kipimo cha maabara, lakini kinakupa la kumuuliza muuzaji. Penye lebo, tafuta mstari wa "saturated".

Mabaya kuliko yote ni mafuta ya transi, yanayopatikana mafuta ya mimea yanapogandishwa nusunusu kiwandani kwa hidrojeni. Hupandisha LDL na kushusha HDL, ile nzuri. Mensink na Katan wa Uholanzi walilionyesha hilo mwaka 1990, na Denmaki ikayawekea mipaka ya kisheria mwaka 2003. Ukiona "partially hydrogenated" kwenye mkebe wa mafuta ya mgando au pakiti ya biskuti, rudisha.

Samaki wa ziwani hatumlaumu. Ngege na mbuta ni chakula kizuri. Tatizo ni karai lenye mafuta meusi yanayotoa povu na moshi, yaliyokaangiwa tangu juzi. Mafuta yaliyorudiwa hivyo huharibika, tena samaki huyanyonya. Mpike kwa nyanya na vitunguu, na omena ikaange kwa kijiko kimoja tu.

Hata alizeti ina kalori 120 hivi kwa kijiko kikubwa, kwa hiyo pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa. Kwa waliorithi kolesteroli ya juu sana, kubadilisha mafuta pekee hakutoshi: wasiache dawa walizoandikiwa. Wengine, badilisheni mafuta ya nyumba nzima, kisha mrudi kupimwa damu baada ya miezi miwili au mitatu.