Hao "Wahindi" wa Vita vya Wafaransa ni Wahindi Gani?

Juzi mpwa wangu aliniuliza swali nikaweka kikombe chini. "Mjomba, hivi Wahindi walisafirije mpaka Canada kwenda kupigana na Wafaransa?" Alikuwa ametazama video ya historia kwenye simu, yenye maelezo ya Kiswahili, na maelezo yakasema "Vita vya Wafaransa na Wahindi". Kijana hana kosa. Kasoma Kiswahili, kakielewa kama Kiswahili. Aliyekosea ni mfasiri, tena si huyo mmoja tu; jina hilo nimeshakutana nalo mara nyingi mno.

Maana yake haichukui muda. Ni vita vya Uingereza na Ufaransa kugombea Amerika Kaskazini, kuanzia 1754 hadi 1763. Waingereza walikuwa na makoloni yao 13 pwani ya Atlantiki, Wafaransa wakishika Canada na njia za mito kuelekea kusini mpaka Louisiana. Wakagongana kwenye bonde la mto Ohio. Mji wa Quebec ulianguka Septemba 1759, katika pigano lililowaua majemadari wa pande zote mbili, Wolfe na Montcalm. Montreal ikafuata 1760, na mkataba ukatiwa sahihi Paris tarehe 10 Februari 1763. Basi.

Sasa jina. Columbus alipofika visiwa vya Karibi mwaka 1492 alidhani amefika Bara Hindi, akawaita watu aliowakuta kwa jina la huko. Kosa likakaa, na Kiingereza kikabaki na neno moja, "Indian", kwa watu wa mabara mawili. Wao wamezoea, muktadha unawaongoza. Lakini sisi kosa hilo si letu, kwa nini tulibebe? Mhindi kwa Mswahili ni mtu wa Bara Hindi, ambaye majahazi ya kaskazi yalikuwa yakimleta pwani yetu kabla Columbus hajazaliwa. (Ingawa na sisi tusijitape sana: mahindi ni zao la Amerika, na bado jina tulilolipa linanukia Uhindi.)

Lakini hata ukiondoa "Wahindi" ukaweka "wenyeji", jina bado ni bovu, na hapa ndipo ninapokereka zaidi. Tatizo ni hiyo "na". Ukisema vita vya Uganda na Tanzania, kila mtu anajua nani alipigana na nani. Kwa hiyo "vita vya Wafaransa na Wahindi" kwa Kiswahili ni Wafaransa upande huu, Wahindi upande ule. Ukweli ni kinyume chake: hao walikuwa upande mmoja. Jina lilitungwa na walowezi wa Kiingereza, nao waliviita vita kwa majina ya maadui zao, wao wenyewe wakiwa hawamo. Ukilihamisha neno kwa neno, Waingereza wanatoweka kabisa na marafiki wanageuka maadui.

Tena wenyeji wenyewe hawakuwa kundi moja. Waottawa na Waabenaki walipigana pamoja na Wafaransa, lakini Wamohawk wengi walikuwa na Waingereza. Hata risasi za kwanza, tarehe 28 Mei 1754, zilipigwa na kikosi cha Virginia kikiongozwa na George Washington, wakati huo kijana wa miaka 22, akiwa na kiongozi mwenyeji, Tanaghrisson, ubavuni mwake. Aliyeuawa hapo ni ofisa wa Kifaransa, Jumonville.

Na tukiongelea tafsiri: wiki chache baadaye, usiku wa tarehe 3 Julai, Washington alizingirwa kwenye ngome yake ndogo, mvua inanyesha, baruti imelowa. Akaletewa hati ya kusalimu amri, kwa Kifaransa, lugha asiyoijua. Mfasiri wake alikuwa Mholanzi. Hati ilisema Jumonville aliuawa kwa hila. Washington baadaye alishikilia kwamba alisomewa "kifo" tu. Akatia sahihi. Wafaransa wakapata karatasi ya kumwonyesha kila mtu kwamba amekiri.

Wahindi halisi nao waliguswa, ila kwao wenyewe: Waingereza waliwanyang'anya Wafaransa Pondicherry mwaka 1761. Huku Afrika walishawanyang'anya Saint-Louis na Gorée, Senegal, mwaka 1758. Ugomvi wote huo kwa jumla unaitwa Vita vya Miaka Saba, kwa hesabu ya Ulaya iliyoanza 1756. Wazungumzao Kifaransa wa Quebec wana jina lao jingine, Vita vya Kutekwa, na ukiwa wewe ndiye uliyetekwa unaona kwa nini.

Matokeo yake mnayajua zaidi kuliko vita vyenyewe. Uingereza ilitoka na deni kubwa, ikataka walowezi wasaidie kulipa, ikaleta ushuru wa stempu mwaka 1765, na ghadhabu zilizofuata ziliishia kwenye uhuru wa Marekani. Wenyeji waliona ardhi yao ikigawiwa Paris bila wao kuwapo mezani; mwaka huohuo wa 1763 Pontiac, kiongozi wa Waottawa, na wenzake wakazishambulia ngome za Waingereza. Mfalme wa Uingereza akapiga marufuku walowezi kuvuka milima ya Appalachia, na wengi wakavuka tu.

Mpwa wangu nilimwambia aseme "Vita vya Miaka Saba, upande wa Amerika Kaskazini". Akitaka kufuata jina la walowezi, basi "vita vya Waingereza dhidi ya Wafaransa na wenyeji waliowaunga mkono". Akalalamika kuwa ni refu. Ni refu kweli, ila hakuniuliza tena habari za meli kutoka Bombay.